Mtoto wa Kuazima

"Huyu? Hata paka hatamnywesha dawa," alisema fundi wa viatu barazani kwetu Jang'ombe, nami nimekaa baraza hiyo hiyo, kikombe cha kahawa mkononi bado cha moto. Alikuwa akishona kandambili ya mtu na hakuinua uso.

"Wagonjwa wenyewe dawa wanazitupa chooni," akadakia jirani yake, "huyu ataka kuwanywesha wazima."

"Mwacheni, yakhe. Karudi na diploma."

"Diploma ya bara. Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikainuka kabla sijamaliza kahawa, nikazunguka mtaa mzima, nikarudi, nikakuta kikombe kimeshapoa. Ndivyo nilivyo. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikitambaa. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye hasa aliyenilea, maneno yake kwangu tangu utotoni ni mawili: kaa kitako.

Diploma yangu sikuazima kwa mtu. Niliondoka Unguja na begi la kitambaa, nikaenda hadi kusini kabisa mwa bara, Mtwara. Jioni nikikaanga pweza na kuuza pembeni mwa stendi, mchana nikisoma afya ya jamii na mikono inanuka mafuta. Hakuna mjomba aliyenisomesha wala mbunge aliyenipigia simu. Nilimaliza na alama zilizowapita wenzangu waliokuwa wakilala bwenini na kuletewa chai. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwetu mtu asiyejisifu husubiri mpaka afungwe sanda ndipo asifiwe.

Huko kusini nilifanya kazi ambayo wazee wa barazani hawakuwahi kuisikia. Miezi ya mvua tulipita nyumba kwa nyumba, kila mwezi mara moja, tukiwapa watoto wadogo dawa ya kuwakinga na malaria kabla hawajaumwa. Siku ya kwanza mtoto humeza vidonge vya namna mbili, cheupe na cha njano, vikiwa vimeyeyushwa kikombeni mbele ya mtoa dawa. Siku mbili zinazofuata humeza cha njano peke yake, nyumbani, kwa mkono wa mama. Akiishia siku ya kwanza, ni kama nyumba iliyoezekwa upande mmoja. Kazi ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuifanya, nami niliiweza. Mama akikataa, nilikuwa na njia yangu: nilikoroga dozi ya mtoto, nikainywa mwenyewe mbele yake, nikapangusa midomo, nikasema, "Haya, bado niko hai." Hakuna aliyenishinda baada ya hapo.

Ningebaki huko. Kilichonirudisha ni simu ya dada.

Dada ameolewa shamba, kijiji cha upande wa mama, kwenye bonde la mpunga kabla hujafika Mkokotoni. Watu husema malaria Unguja imekwisha, na kwa mjini karibu niseme kweli. Lakini masika yakipiga, mabondeni hurudi, kama mgeni aliyesahau kanzu yake. Masika yale kitinda mimba wa dada, binti aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema, alishikwa na homa, ikamgeukia degedege. Majirani wakasema ni ndege mbaya kapita juu ya paa, asiguswe na sindano. Ubishi ule ukala nusu ya siku. Dada alinipigia akiwa hospitali, mtoto kashazinduka. Hakulia. Alisema tu, "Macho yalikuwa meupe yote. Sikuona kiini." Akakata simu.

Tangu siku ile kila nilipomwekea mtoto wa mtu kikombe mdomoni, niliona macho yasiyo na kiini. Nikaanza kupanga safari.

Mwaka uliofuata mpango wa dawa za kinga ukaanza katika shehia chache za mabondeni kwetu. Nikaomba, nikapata, tena nikapangiwa kijiji kile kile cha dada. Nilichukulia kama haki yangu. Dawa nilizifuata Mji Mkongwe, kwenye stoo yenye kuta nene ambamo hata mchana wa kaskazi kuna ubaridi. Lakini vikombe na vijiko vya mradi vilikuwa bado njiani, usafiri pia, na mawingu yalishaanza kujaa upande wa bara. Mimi siwezi kungoja. Nikaenda kuazima.

Ami yangu aliniazima Vespa yake, ambayo hata wanawe hawajawahi kuiwasha. Sheha wa kijiji aliniazima jamvi lake kubwa na uwanja wa nyumba yake. Mama mmoja muuza mandazi, jirani wa dada, mwenye watoto pacha, aliniazima vikombe vya kibanda chake, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa inaingia na kibanda kingefungwa mchana.

"Vyombo vya watu havirudi vitupu," akaniambia. "Au huko bara ushasahau?"

Sikusahau. Kwetu jirani akikuletea bakuli la futari, humrudishii bakuli kavu. Utatia chochote, japo ndimu mbili, lakini hurudishi uwazi.

Mkutano wa kuwaeleza kina mama ulifanyika uwanjani kwa sheha, baada ya sala ya alasiri, tarehe ishirini na tisa ya Shaaban. Tungeanza kutoa dawa kesho yake asubuhi. Nilizungumza vizuri, na siku ile nilijipenda nilivyozungumza. Walinisikiliza wamejitanda kanga hadi puani. Nikamaliza kwa silaha yangu.

"Kesho, kabla hajanywa mtoto hata mmoja, nitakunywa mimi. Hapa hapa, mbele ya macho yenu."

Bibi mmoja mzee aliyekuwa ameegemea nguzo akauliza, "Na mwezi ukiandama?"

Nikatazama juu. Anga lilikuwa jeusi kama chungu. "Na mawingu haya, bibi? Hauandami leo. Tutatimiza thelathini."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilirudi mjini na Vespa huku matone makubwa yakinipiga kifuani. Sikufika hata Darajani nikasikia redio za madukani. Mwezi umeonekana, kwingine, kusiko na mawingu. Vijana walikuwa wakipeana mikono njiani, na kina mama wakinunua tende. Mimi nikasimamisha Vespa katikati ya watu waliokuwa wakifurahi, nikajiona mpumbavu mwenye diploma.

Asubuhi uwanja wa sheha ulijaa kuliko jana yake. Hawakuja kwa dawa. Walikuja kunitazama. Vikombe vilikuwa vimepangwa juu ya meza, jamvi limetandikwa, watoto wanakimbizana. Muuza mandazi akawa wa kwanza.

"Haya, mtaalamu. Tuonjee."

"Nimefunga."

"Na sisi tumefunga. Lakini sisi hatukuahidi."

Kicheko kikapita chini ya kanga. Sheha, ambaye ni mtu mpole, akajaribu kuniokoa. "Ametoka mjini. Pengine ni msafiri, anaruhusiwa kula."

"Kutoka Jang'ombe?" akasema bibi wa nguzoni. "Basi na mimi nikienda kisimani ni msafiri."

"Aonje kwa ncha ya ulimi, ateme," mwingine akapendekeza. "Mbona sie tukipika twaonja chumvi?"

"Ndilo ninaloliogopa hilo," akajibu muuza mandazi. "Daktari ateme, mwanangu ameze."

Nilisema magharibi nitafuturu kwa dawa hiyo hiyo, badala ya tende, mbele yao. Wakasema vizuri, basi watarudi magharibi, na wakishaniona nimelala na kuamka watafikiria. Wakaanza kuwaita watoto wao. Nikaona kazi inaondoka uwanjani kwa miguu. Nyuma yangu bonde limejaa maji, maji yamejaa mbu, na kila mtoto aliyekuwa akivutwa mkono nilimwona kwa macho yale yasiyo na kiini. Nikashika kikombe. Sitaficha: niliazimia kukinywa. Nilijiambia nitailipa siku hiyo baada ya Ramadhani, na Mungu ajua nia yangu. Kikombe kilikuwa kimeshafika kidevuni.

"Weka chini."

Dada alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, binti yake amempakata kiunoni ingawa kashakuwa mzito wa kutembea mwenyewe. Tangu ile homa hakuwa akimweka chini mbele za watu.

"Weka chini, mdogo wangu. Ukila mchana wa Ramadhani hapa, hata maji yako hawatayanywa." Akapasua katikati ya wanawake, akaja hadi mezani. Akamweka mtoto juu ya jamvi mbele yangu. "Nakuazima mwanangu."

Waliokuwa wakiwavuta watoto wao wakasimama.

"Umesikia? Nakuazima. Sikukupa. Masika yakimalizika nirudishie mzima. Na chombo cha watu hakirudi kitupu."

Nimewanywesha dawa watoto wengi kuliko nywele za kichwa changu, na sijawahi kuisoma pakiti mara mbili. Siku ile niliisoma mara tatu. Nikampima joto kwanza, kama inavyotakiwa: hana homa. Nikakoroga. Akanywa nusu, akakunja uso, akanywa iliyobaki, akanitazama kama mtu aliyedanganywa sokoni. Kisha, kabla kina mama hawajapata hata kusogea, akaitapika yote juu ya jamvi la sheha.

"Astaghfirullahi," mtu akasema polepole.

Nikaeleza kwamba mtoto akitapika mara baada ya kumeza hupumzishwa, halafu hupewa dozi nyingine, moja tu. Sauti yangu niliisikia iko mbali. Dada hakunitazama. Alimpangusa mtoto kwa ncha ya kanga, tukasubiri, akamfungua kinywa kwa kidole, akasema, "Haya." Safari hii ilikaa tumboni.

Magharibi nikatimiza ahadi. Adhana ilipolia nilifuturu kwa kikombe cha dawa ya mtoto, nikiwa nimesimama uwanjani, koo kavu tangu alfajiri. Kusini niliinywa mara nyingi, lakini kwa koo la saumu haijawahi kuwa chungu namna ile. Wanaume waliokuwa wakielekea msikitini walicheka hadi wakashikana mabega. "Kafuturu kwa shubiri," wakasema. "Mwaka huu thawabu zote zake." Muuza mandazi akaniletea kaimati ili nitoe uchungu, lakini hakuniahidi pacha wake.

Siku ya pili nilifika kijijini jua halijapanda. Nilikuta wanawake wamesimama mlangoni kwa dada, na kwa jinsi walivyonipisha nilijua kabla sijaambiwa. Mtoto alikuwa wa moto. Dada amekaa sakafuni, mgongo wa kiganja chake juu ya paji la uso wa binti yake, na hakuuondoa niliposema hodi.

"Tangu alfajiri," alisema.

Nikawachukua wote wawili hadi kituo cha afya, Vespa ikiteleza kwenye matope, dada nyuma yangu na mtoto baina yetu, joto lake likinipenya mgongoni kupitia shati. Muuguzi alimchoma kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo, akakiweka mezani. Mstari mmoja ni salama. Miwili ni malaria. Kipimo kile nimekitumia miaka, na nilijua hakiharakishwi kwa kutazamwa. Nikatoka nje, nikaingia. Nikahesabu vigae, nikatoka tena. Nikafungua bomba la maji, nikalifunga.

"Kaa kitako," dada akasema. "Wanizungusha kichwa."

Sikuweza. Nilikuwa nikimwaza mtoto, kwanza mtoto, lakini nilikuwa nikiwaza na milango. Mtoto huyu akiwa na malaria, au dawa ikiwa imemdhuru, hakuna mlango utakaofunguka bonde lile, na masika ndiyo kwanza yameanza.

Muuguzi akakiinua kipimo, akakielekeza dirishani. Mstari mmoja.

Alimchunguza masikio na koo, akasikiliza kifua. Akasema dawa zile huwatia baadhi ya watoto joto na kutapika, hupita. Apewe maji mara kwa mara na dawa ya kushusha homa, na tukiona jambo lolote tumrudishe mara moja. Kidonge cha njano cha siku ya pili apewe, kwa sababu hana malaria.

Tulirudi. Wanawake walikuwa bado pale, na wengine wameongezeka. Niliwaeleza vyote, na joto na sababu yake, sikuficha neno. Wakasikiliza, wakatufuata hadi ndani ya ua. Joto la mtoto lilishuka adhuhuri, akaomba uji. Nikatoa kidonge cha njano, nikaanza kukoroga, na wote wakawa wanamtazama dada.

Nilidhani atakataa. Haki yake ilikuwa kukataa. Akamgusa mtoto shingoni, akatazama kikombe, midomo imemkauka kwa saumu.

"Lete hicho," akasema hatimaye. "Nimekuazima, sikukupa. Cha leo nampa mwenyewe."

Akampa. Mtoto akanywa, akalia, akanyamaza. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja, na mimi nikabaki nikizunguka ua hadi dada akanipa ufagio, akasema kama sikai basi nifagie.

Siku ya tatu mtoto aliamka hana joto, na alipokwisha kunywa kidonge chake cha mwisho dada alimwachia akimbie uwanjani kwa sheha, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu masika yaliyopita. Akatoka mbio kumkimbiza kuku wa sheha, akamfukuza hadi juu ya jamvi, na bibi wa nguzoni akampigia kelele za kumwambia amwache kuku wa watu. Hakuna hotuba yangu iliyowahi kufanya kazi kama kuku yule. Kabla ya adhuhuri muuza mandazi alikuja na pacha wake, kila mmoja mkono wake.

"Mmoja leo," akasema, "mmoja kesho."

"Mama, wote leo."

Akanitazama, akatazama vikombe vyake mwenyewe juu ya meza. "Haya. Lakini nitakaa hapa."

"Kaa. Ndivyo inavyotakiwa."

Wengine wakafuata. Si wote, nyumba zilizo ng'ambo ya bonde zilingoja hadi duru ya pili, na moja haikufungua kabisa mpaka mvua zinakwisha, nami nyumba hiyo naikumbuka kuliko zilizofungua. Duru za baadaye nilipita nikiwa sijafunga, nikionja kwenye kila kizingiti nilipoombwa, hata nikawa sihisi uchungu. Vikombe vya mradi vilifika kwenye duru hiyo ya pili, lakini kina mama walisema wanataka vile vile vya kibandani. Baina ya duru na duru nilikuwa silali vizuri. Mvua ikinyesha Jang'ombe, maji yanaingia vichochoroni, mimi ninawaza bonde. Nilikuwa nikimpigia dada simu kila asubuhi, na kabla sijasalimu alikuwa akisema, "Hana homa. Nenda kazini kwako."

Masika yakapita. Mpunga ukavunwa. Degedege haikuingia nyumbani kwa dada, wala kwa jirani zake.

Baada ya duru ya mwisho nikaweka siku moja ya kurudisha vyote. Nilimwomba dada anipe mtoto nishinde naye, na safari hii hakunipa masharti. Vikombe vya muuza mandazi nilivijaza mchele mpya hadi pomoni. Kimoja kilikuwa kimevunjika, nikanunua kingine kinachofanana nacho Darajani, na yeye akakitambua papo hapo. "Hiki si changu," akasema, "lakini mchele ni wangu." Sheha nilimrudishia jamvi lake limefuliwa na ndani yake nimekunja jingine jipya, la ukili wa rangi. Kisha nikampandisha mtoto mbele kwenye Vespa, tukaenda mjini. Tulirudisha dawa zilizobaki kwenye ile stoo ya Mji Mkongwe, akaushangaa ubaridi wake na akataka kulala pale pale kwenye sakafu. Halafu Jang'ombe, kwa ami, na tangi limejaa na kashata chini ya kiti. Ami akaizunguka Vespa, akaibana breki.

"Breki umezila."

"Nimekutilia mpya, ami."

Akabana tena. "Naam," akasema. Kwa ami hiyo ni mashairi. Akanirudishia ufunguo nimpeleke mtoto kwao.

Barazani walikuwapo wote. Nilimshusha mtoto makusudi, nikamsimamisha mbele yao, nikasema, "Paka wenu huyu. Kanywa masika mazima." Kwa nini nisiseme? Niliyangoja maneno hayo tangu kahawa ile ilipopoa. Jirani wa fundi akacheka, akakubali. Fundi wa viatu aliweka sindano chini. Alikuwa akitazama miguu ya mtoto, iliyokuwa mitupu, na vidole vyake bado vina udongo wa bondeni. Akamwita, akamkalisha, akapima unyayo kwa kiganja. Akakata, akashona. Tulikaa hadi alasiri, nami niliinuka na kukaa mara zisizo na idadi. Alipomvisha vile viatu vidogo vya ngozi akavuta kamba ya mwisho na kusema, bila ya kuniangalia, "Mpeleke kwa mamake na hivi. Utamrudishaje mtoto wa watu mtupu?"

Dada alikuwa mlangoni tulipofika. Kwanza aliweka mgongo wa kiganja kwenye paji la uso wa binti yake, kama alivyofanya kila asubuhi. Aliuacha pale. Kisha akauondoa, akatazama chini.

"Nani kamvisha?"

"Waliosema sitaweza."

Mtoto alikuwa anakanyaga sakafu kwa nguvu ili viatu vilie. Dada akamtazama akipita ndani, akarudi, akapita tena. Akanisogezea kiti cha mbao.

"Basi huna deni la mtu. Kaa kitako."

Nikakaa.